Pembe ya Shamba

Sinagogi letu ni chumba cha mabati nje ya Nakuru,
njia ya kwenda Kampi ya Moto.
Familia tisa, na shamba la robo ekari
tulilopanda mahindi kwa mbegu za mkopo.
Mwezi wa kumi majani yakawa makaratasi.

Jumamosi usiku, Sabato imeshatoka,
harufu ya karafuu bado iko viganjani,
Asheri Gitonga akasimama na daftari jipya.
Tuvune yote, akasema. Tupime kwa gorogoro.
Kila mhitaji aandike jina na namba ya kitambulisho,
asiyejua kuandika atie kidole gumba kwenye wino,
tupige picha, moja tu, ya wafadhili.
Hesabu isipotee.

Hesabu yake ilikuwa safi. Sikuwa na la kumpinga
ila mguu wangu wa kushoto, uliokufa ganzi ghafla
kama ulivyokufa mwaka ule kwenye foleni.

Maana mimi, Tsipora Nyokabi, nimewahi kuwa jina daftarini.
Elfu mbili na nane, uwanja wa maonyesho,
pale ambapo miaka mingine watu hulipa kiingilio
wakaone ng'ombe wa gredi.
Kipaza sauti kiliniita mara tatu:
Nyokabi, mjane, watoto wawili, unga kilo nne.
Nilikuwa bado sijawaambia wanangu
kwamba mimi ni mjane.

Kila Pasaka tunasoma kwamba tulikuwa wageni Misri.
Misri yangu ina geti.
Naipita nikienda sokoni.

Hayo sikuyasema. Nilisema tu:
Torati inakataza kuvuna hadi pembeni.
Suke lililoanguka usiliokote,
waachie maskini na mgeni.
Haisemi wape. Inasema waachie.

Mzee Elazari akakuna ndevu. Na wezi je?
Penina Jebiwott, aliyezoea kukama gizani, akamjibu:
Atakuwaje mwizi, na pembe ni yake?
Mtu akacheka nyuma kule. Asheri akafunga daftari
polepole, kama anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Basi tukavuna katikati.
Tukaacha pembe nne, hatua sita kwa sita,
Elazari akinung'unika kila hatua.
Na Asheri mwenyewe, bila kuambiwa,
akaondoa miiba kwenye ua upande wa barabara,
nafasi ya kutosha mtu mmoja na gunia.

Usiku wa tatu ilikuwa zamu yangu ya kufukuza nungunungu.
Mwezi haukuwepo. Nikasikia hindi likimenywa,
sauti ile ya kitambaa kinachochanwa kwa uangalifu.
Nikainua tochi.

Kisha kikohozi.
Kikavu, mara mbili,
kama cha mtu anayebisha hodi akiogopa kufunguliwa.

Kikohozi hicho nakijua.
Hukaa benchi la pili kila Sabato,
huimba kutushinda sote,
na Ijumaa, kabla jua halijatua,
hutia sarafu kwenye kisanduku cha sadaka
kutoka juu kidogo, ili ilie.

Tochi nikailaza chini, haijawashwa.
Nikageukia ukuta nikawa nahesabu misumari ya mabati,
nikapotea kwenye arobaini, nikaanza upya.
Nyuma yangu mtu alichukua alichochukua.
Hakuharakisha.
Hilo ndilo nililolipenda, kwamba hakuharakisha.

Asubuhi Elazari akaja akasimama mbele ya mabua matupu.
Kulikuwa na nani?
Nungunungu, nikamwambia. Mkubwa.
Ana watoto.
Akanitazama kitambo, kisha akaenda kunawa mikono.

Sabato iliyofuata nilichelewa kuingia.
Kutoka benchi la pili mkono ukaninyooshea kitabu cha sala,
ukurasa umeshafunguliwa tulipofika.
Vidole vilikuwa na mikwaruzo midogo midogo,
ile ya majani makavu ya mahindi.

Nikakipokea.
Vyangu navyo
vilikuwa bado havijapona.